Makorongo ya Dodoma yangeweza kuwa bustani za umma, kinachokosekana ni hela au kitu kingine?

#1 MwanaKizota
Habari za mchana wakuu. Niende moja kwa moja. Dodoma makorongo yamekatiza karibu kila mtaa, na ukiangalia utakuta korongo ni dampo au ni shimo la mchanga, basi. Swali langu ni hili, kwa nini hakuna hela ya umma ya kudumu, namaanisha fungu linalojulikana kila mwaka, ya kugeuza kingo za haya makorongo kuwa bustani, yaani miti, njia za miguu, sehemu ya watoto kucheza, halafu kuzilinda zibaki hivyo? Sizungumzii mradi wa mkopo unaokuja miaka mitano ukiisha na bustani inaisha. Barabara zina mfuko wake, maji yana mfuko wake, umeme vijijini una mfuko wake, kingo za mito hazina chochote. Sensa ya 2022 jiji letu limehesabiwa watu 765,179 na kila siku watu wanahamia, maeneo ya wazi ndio yanazidi kuliwa. Mimi naamini hela ipo ila hakuna aliyekaa akaidai. Mnaonaje?

#2 BabaNeema_Nzuguni
Mkuu nakuheshimu ila bustani gani wakati huku tunakinga maji ndoo usiku? Mvua yenyewe ya Dodoma haifiki hata milimita 600 kwa mwaka, inanyesha Desemba mpaka Aprili inakata, miezi iliyobaki vumbi. Hiyo miti utaimwagilia na nini? Kila shilingi ya umma kwanza iende kwenye bomba. Tukishiba maji ndio tuongee mambo ya kutembea tembea jioni.

#3 mama_zabibu
#2 kaka yangu hapo ndipo ninapotofautiana na wewe kabisa. Hayo maji ya bomba unayoyasubiri sehemu kubwa yanatoka wapi? Visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Na vile visima vinajazwa na nini kama sio maji ya mvua yanayoshuka milimani, yanapita kwenye mito ya mchanga, yanazama chini taratibu? Ukiacha kingo zikaporomoka na mchanga ukazolewa wote, maji yanapita mbio kama treni ya SGR yanaenda zake bwawani Hombolo na hujabakiwa na kitu. Wazee wa Kigogo walikuwa wanachimba visima kwenye mchanga wa korongo kiangazi wanapata maji safi ya kunywa na kunywesha ng'ombe, nenda leo kwenye korongo lililochimbwa mchanga mpaka kwenye mwamba uone kama utapata hata kikombe. Kwa hiyo bustani ya kando ya mto kwa huku kwetu ni sehemu ya mambo ya maji, sio anasa. Wakiiandika hivyo kwenye bajeti hakuna atakayeikataa.

#4 Tipa_Nyekundu
Nimesoma #1 na #3 naona mnatusogelea sisi wa mchanga. Naomba nieleweke, mimi nina gari nabeba mchanga, nina vijana wanapakia kwa koleo, nalipa ushuru na risiti ninazo. Hizo nyumba mnazokaa zimejengwa na mchanga wa wapi? Huo mji wa serikali Mtumba umejengwa na mchanga wa wapi? Msituite waharibifu halafu mnatupigia simu saa kumi na mbili asubuhi mnataka tripu mbili.

#5 MwanaKizota
#4 hakuna aliyekuita mharibifu mkuu, karibu sana kwenye uzi, tena wewe ndio tunakuhitaji. Huo ushuru unaolipa unajua unaenda kufanya nini?

#6 Tipa_Nyekundu
Sijui na sijawahi kuambiwa. Ila najua korongo nililochimba halijawahi kurudishiwa hata mti mmoja.

#7 Mrangi_Halisi
Wajukuu zangu salaam. Mnaongea kama hili jambo halijawahi kufanyika mkoa huu. Limefanyika. Kondoa, mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973. Milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo makubwa, mtu akisimama ndani humuoni. Walichimba makingamaji, wakapanda miti, wakaweka mbao za katazo, haikutosha. Mwaka 1979 serikali ikatoa amri mifugo yote itoke eneo lile, ng'ombe mbuzi kondoo wote. Baba yangu alihamisha ng'ombe wake kwenda kwa ndugu mbali huko, alilia, mimi nilikuwa kijana mdogo nikamuona. Lakini baada ya miaka kadhaa majani yalirudi, miti ikaota yenyewe bila kupandwa, mito ya mchanga ikaanza kuwa myembamba na kingo zikashika, watu wakalima pale palipokuwa mchanga mtupu. Sasa swali lenu la hela, ile hela ilitoka nje. Wafadhili walipofunga virago miaka ya tisini usimamizi ukalegea, mifugo ikaanza kurudi kidogo kidogo. Miti ilikuwepo, sheria zilikuwepo, mlinzi wa kulipwa mwisho wa mwezi ndiye aliyepotea.

#8 kijana_wa_area_c
Mzee #7 shikamoo. Nadhani huo mradi ulikuwa wa Wajerumani si ndio? Nilisoma mahali.

#9 Mrangi_Halisi
Marahaba. Hapana, walikuwa Waswidi, shirika lao la SIDA.

#10 Bikoni
Wakuu mimi nimefanya kazi za upimaji miaka mingi hapa mjini, niseme kitu ambacho wengi hamkijui. Hoja ya MwanaKizota kwamba tatizo ni hela, mimi siikubali, tatizo ni ardhi. Mpango kabambe wa kwanza wa Dodoma wa 1976, ule uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulikuwa na mji wa bustani kichwani, mabonde na vilima viachwe kijani katikati ya makazi. CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, walikuwa wakali sana, ukijenga bondeni unavunjiwa. Ila mji ukapanuka, watu wakavamia, sehemu nyingine viwanja vikagawiwa mpaka mdomoni mwa korongo. CDA ikavunjwa 2018 mambo yote yakahamia halmashauri, na sasa ukitaka kutengeneza bustani ya mto lazima kwanza ulipe fidia watu wenye hati zao mkononi. Bustani yenyewe ni bei rahisi. Fidia ndio inaua. Halafu sheria inasema mita 30 kutoka ukingoni, ila nani ameziwekea bikoni, yaani mawe ya mpaka, hizo mita 30?

#11 Wakili_Msomi_DOM
#10 mkuu shukrani kwa mchango, marekebisho mawili. CDA ilivunjwa Mei 2017 na Rais Magufuli, 2018 ni mwaka Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji siku ya Muungano. Pili ni mita 60, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57, inataja kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa, na mabwawa, hairuhusiwi shughuli ya kudumu au inayohatarisha mazingira ndani ya mita 60. Hiyo 30 utakuwa umeichukua Kenya.

#12 Bikoni
Sawa wakili, mita 60 inafanya hoja yangu iwe nzito zaidi. Pima mita 60 kila upande wa korongo la Dodoma uniambie nyumba ngapi zimo ndani.

#13 BintiMakole
Ila jamani korongo nalo ni mto? Mimi mwenye nyumba wangu anasema sheria ya mito haimhusu kwa sababu hapo nyuma ni "mfereji wa asili" tu, maji yanapita wiki chache kwa mwaka. Na amejenga vyumba vya wapangaji mpaka ukingoni.

#14 mama_zabibu
#13 mwambie mwenye nyumba wako maji yakija hayaulizi jina. Halafu mdogo wangu hama hapo kabla ya Desemba, naongea kwa upendo.

#15 kijana_wa_area_c
Hahaha #14 umemtisha dada wa watu. BintiMakole kuna chumba Area C kizuri, tuongee pembeni.

#16 BintiMakole
#15 tulia. Uzi wa makorongo huu.

#17 Hydro_Mtu
Nitoe picha kubwa kidogo. Maji ya makorongo mengi ya mjini hapa yanaenda Bwawa la Hombolo, lile la 1957, kutoka pale yanaendelea Kinyasungwe, yanapita wilaya ya Mpwapwa kule Gulwe, yanaingia Mkondoa kule Kilosa, yanakuwa Wami mpaka Bahari ya Hindi upande wa Saadani. Kwa hiyo uchafu na mchanga wa Dodoma ni tatizo la Hombolo kujaa tope, na reli ya kati ile ya zamani kati ya Gulwe na Kilosa imekuwa ikikatwa na mafuriko miaka nenda rudi, Kilosa yenyewe watu walipoteza nyumba mwisho wa 2009 kuingia 2010. Sasa jiulize hela ya kutengeneza reli kila ikikatwa ni kiasi gani, na ni ya umma hiyo hiyo. Mimi nasema hela ipo, ila inatumika mwishoni mwa mto kuziba pengo badala ya mwanzoni. Na anayelipa kule chini sio yule anayetakiwa kupanda miti huku juu. Bonde lina bodi yake, mitaa ina halmashauri, mifereji ya barabara ina TARURA, misitu ina TFS, mazingira ina NEMC. Kila mmoja ana kipande. Kingo za korongo zinapita katikati ya wote hao na haziko kwenye kifungu cha bajeti cha hata mmoja.

#18 BabaNeema_Nzuguni
#17 hapo umeongea. Ila bado sijasikia hela inatoka wapi. Naona maelezo matamu tu.

#19 Mdau_wa_Msimbazi
Nipo Dar ila nyumbani Kongwa. Mnataka hela ya bustani ya mto? Subirini mafuriko yaharibu kitu kikubwa. Sisemi kwa ubaya, ndivyo ilivyokuwa Msimbazi. Jangwani palikuwa panazama kila masika, karakana ya mwendokasi ikazama, daraja linafungwa, mji unakatika vipande viwili, watu wanapoteza maisha. Ndio ukaja mradi wa bonde la Msimbazi 2022, Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 200, Uholanzi wakatoa msaada, Hispania nao mkopo. Ndani yake kuna daraja jipya Jangwani, kupanua mto na bustani kubwa ya mji. Bustani imeingia kwa mgongo wa mafuriko. Peke yake isingepata hata senti.

#20 MwanaKizota
#19 hapo ndipo panaponiuma. Yaani tusubiri watu wafe ndio tupande miti? Na ni mkopo tena, watoto wetu watalipa. Hata Chinangali Park yetu ilitengenezwa kwa mradi wa miji ya kimkakati, mkopo wa Benki ya Dunia. Naipenda ile bustani, wanangu wanaipenda, lakini nataka tuwe na chanzo chetu wenyewe.

#21 Mgogo_LA
Mbukwenyi wandugu! Mimi nipo Los Angeles kwa muda sasa, nyumbani Mvumi. Nashangaa mnavyosema mto mkavu hauwezi kuwa na bustani. Mto wa huku nao miezi mingi ni kamkondo kadogo tu katikati ya zege. Baada ya mafuriko ya 1938 jeshi lao la uhandisi liliumwagia zege karibu wote, ukawa mfereji mkubwa mbaya, sasa hivi wanahangaika kuurudishia kijani kipande kwa kipande kwa gharama kubwa mno. Somo la kwanza, msikubali zege.

Somo la pili ndilo jibu la BabaNeema. Mwaka 2018 kaunti ya hapa ilipiga kura, kura yenyewe iliitwa Measure W, wenye nyumba wakakubali kutozwa senti mbili na nusu ya dola kwa mwaka kwa kila futi ya mraba ya ardhi waliyoifunika isipitishe maji, paa, zege, lami, pevingi. Ilitakiwa theluthi mbili ya kura na ikapita. Mtu mwenye futi 2,000 zilizofunikwa analipa dola 50 kwa mwaka. Hela hiyo inaenda kwenye kunasa maji ya mvua yazame ardhini, kuyasafisha, na miradi mingi inakuwa bustani humo humo. Wana mamia ya milioni za dola kila mwaka bila kumpigia mfadhili magoti. Na mwaka huo huo 2018 jimbo zima la California lilipigia kura hatifungani za dola bilioni 4 kwa ajili ya bustani, maji na kulinda mazingira. Watu walikubali wenyewe kwa kura.

#22 kijana_wa_area_c
Kodi ya pevingi!!! Mkuu #21 usirudi nyumbani, wenye nyumba wa Ilazo na Kisasa watakungojea stendi ya Nanenane.

#23 Wakili_Msomi_DOM
Wazo zuri ila huku tozo haipigiwi kura na wananchi, tozo inapita bungeni au kwa sheria ndogo ya halmashauri, waziri akiridhia. Halafu kodi ya majengo yenyewe tunakatwa kwenye LUKU. Halmashauri ikitaka kuongeza hapo haiwezi peke yake.

#24 Mhasibu_wa_Serikali
Nimekaa kwenye bajeti za halmashauri muda mrefu (sitaji wapi) naomba nitoe siri ambayo sio siri. Kuna fedha za maendeleo na kuna matumizi ya kawaida. Bustani kuijenga ni maendeleo, ina picha, ina jiwe la msingi, inapata hela. Bustani kuitunza, mshahara wa mtunza bustani, mpira wa maji, mafuta ya boza, hiyo ni matumizi ya kawaida, na makusanyo yakipungua ndio ya kwanza kukatwa. Kwa hiyo hata mkipata hiyo kodi ya pevingi, kama haijafungwa kwa sheria kwamba haiguswi, mwaka wa pili itanunua madawati. Madawati nayo ni muhimu, hapo ndipo ugumu ulipo, hakuna diwani atakayesimama kusema miti kwanza madawati baadaye.

Tupige hesabu ya haraka. Tuseme nyumba laki moja zinachangia shilingi 100 tu kwa mwezi. Ni milioni 10 kwa mwezi, milioni 120 kwa mwaka. Ukimlipa mtunza kingo 250,000 kwa mwezi, ni milioni 3 kwa mwaka, unapata watu 40 wa kudumu. Watu 40 wenye makoleo na miche kila siku kwenye makorongo ya mji huu ni jambo kubwa sana. Hujajenga kitu chochote hapo, unatunza tu.

#25 Tipa_Nyekundu
#24 hesabu nzuri. Sasa na mimi niulize, kwa nini msianze na hela ninayolipa tayari? Mchanga unatoka korongoni, ushuru wake urudi korongoni. Nikijua sehemu ya risiti yangu inapanda mkuyu pale nilipochimba nitalipa bila kukimbia mageti usiku. Wenzangu wengi hawalipi kwa sababu hawaoni inafanya nini.

#26 Mgogo_LA
#25 mkuu hilo wazo lako ndilo Wamarekani walilifanya 1964. Walianzisha mfuko unaitwa Land and Water Conservation Fund, hela yake inatoka kwenye mrabaha wa mafuta na gesi yanayochimbwa baharini, mpaka dola milioni 900 kwa mwaka zinaenda kununua na kutunza maeneo ya asili na bustani za umma. Unachukua rasilimali moja unatunza nyingine. Ila kuna ubaya wake nao, kwa miaka mingi bunge lao lilikuwa linazipeleka sehemu ya hizo hela kwenye mambo mengine, mpaka 2020 walipopitisha sheria kwamba zitoke zote kila mwaka. Kwa hiyo anachosema mhasibu #24 hata huku kilitokea.

#27 Bikoni
Narudi palepale. Mna hela, mna watu 40. Wanapanda wapi? Kwenye kiwanja cha mtu mwenye hati? Kabla ya shilingi ya kwanza ya mti lazima kuwe na shilingi ya bikoni. Wekeni mawe ya mpaka mita 60 pande zote kwenye makorongo ambayo bado hayajajengwa, Ntyuka, Iyumbu, Ihumwa, huko mji unakoelekea. Ya katikati ya mji mmeshachelewa, tuseme ukweli.

#28 BintiMakole
#27 sikubali kwamba katikati tumechelewa. Sisi tusio na viwanja tunaishi katikati. Mtoto wangu anacheza barabarani bodaboda zinapita. Hata kipande cha mita 20 kikisafishwa kikapandwa mti wa kivuli na benchi la saruji mimi kinanitosha.

#29 Msomi_Durban
Nilisoma Durban, Afrika Kusini. Manispaa yao ina mpango unaitwa Sihlanzimvelo, wanaingia mkataba na vikundi vya ushirika vya wakazi wa pale pale mtoni, kila kikundi kinapewa kipande cha kijito, wanakata magugu, wanatoa takataka, wanalipwa na manispaa. Hoja iliyowashawishi wenye hela ni makalavati. Kijito kikiziba na magodoro na plastiki, mafuriko yanabeba kalavati na barabara. Kusafisha ni bei ndogo kuliko kujenga upya. Kwa hiyo pengine #19 ana nusu ya ukweli, hela inafuata maafa, lakini unaweza kuiomba kwa kuonyesha maafa unayoyazuia.

#30 Mdau_wa_Msimbazi
Halafu Addis Ababa, Ethiopia, nao wana njia yao. Mwaka 2019 waziri mkuu wao Abiy aliandaa chakula cha jioni, mtu mmoja birr milioni 5, kwa ajili ya bustani za kando ya mito kilometa 56. Matajiri na makampuni wakala, wakalipa, Wachina wakasaidia, bustani zimejengwa.

#31 BabaNeema_Nzuguni
Birr milioni 5 sahani moja! Ilikuwa na nini, dhahabu?

#32 Mhasibu_wa_Serikali
#30 chakula cha matajiri ni hela ya kujenga. Nauliza tena, mlinzi wa mwaka wa sita analipwa na nani?

#33 fundi_viwavi
Mimi naona wote mnakwepa kitu kimoja, usalama. Kingo zenye vichaka ni maficho ya vibaka, na sisi wa pembezoni tuna fisi. Jirani yangu amepoteza mbuzi. Watu wengi mtaani kwetu wakisikia miti korongoni wanasema hapana, afadhali pabaki peupe. Hata hela ikija wananchi wenyewe watafyeka.

#34 mama_zabibu
#33 ni kweli hofu hiyo ipo na sisi wanawake ndio tunaibeba zaidi, tunapita huko alfajiri. Ila ni suala la mti gani na unatunzwaje. Mkuyu na mkwaju ukikua unapogolewa chini, unaona mbali, kivuli kipo juu. Kichaka kinatokea pale ambapo hakuna anayetunza. Nyasi za vetiva ukingoni zinashika udongo na hazifichi mtu akiinama... sawa akilala labda. Na taa. Weka taa tatu za sola korongo linakuwa njia salama kuliko barabara.

#35 kijana_wa_area_c
Kwani mwarobaini una shida gani? Unaota popote, hauhitaji maji.

#36 Hydro_Mtu
Mwarobaini na mjohoro inavumilia, hakuna ubishi, na mji huu umepata kivuli kwa sababu yao. Lakini ukingoni mwa mto wa mchanga miti ya asili ya pale, mikuyu, migunga, ndio mizizi yake imezoea kukaa kwenye mafuriko wiki tatu halafu ukame miezi saba. Shida ya kampeni zetu za miti, tangu ile ya Dodoma ya kijani ya 2017, sio aina ya mti. Watu wanapanda Januari wanapiga picha, inafika Agosti hakuna aliyerudi na ndoo.

#37 Mrangi_Halisi
#36 kule Kondoa mingi hatukuipanda. Iliota yenyewe ng'ombe walipotoka. Wakati mwingine hela bora ni ya kuzuia miguu isipite.

#38 Wakili_Msomi_DOM
Mzee #37 kwa heshima yako, huwezi kutoa amri ya 1979 mwaka huu. Wale wafugaji walipoteza mali na wengi hawakupata mbadala wa maana kwa muda mrefu. Ukifunga kingo za korongo leo lazima useme mfugaji wa Msalato anapeleka mbuzi wapi na kijana wa #4 anachimba mchanga wapi.

#39 Mrangi_Halisi
Mwanangu nilikuambia baba alilia. Najua. Ila ardhi ilikuwa inakufa, na sisi tuliorudi kulima pale tulikula. Mambo yote mawili ni kweli.

#40 Tipa_Nyekundu
Asante wakili kwa kutukumbuka. Pendekezo langu, mtupimie machimbo maalum, tuchimbe kwa zamu, kipande kikichimbwa kipumzike masika mbili mto ulete mchanga mwingine. Mto unaleta, sisi tunajua. Tatizo tunachimba kipande kimoja mpaka mwamba kwa sababu ndio karibu na barabara.

#41 Hydro_Mtu
#40 hilo la zamu lina mantiki, ila kiasi mto unacholeta kwa msimu lazima kipimwe, vinginevyo tunakisia. Kupima nako kunataka hela, tunarudi kwenye swali la #1.

#42 MwanaKizota
Nimefurahi uzi umechangamka, asanteni. Kwa hiyo nina mapendekezo mawili yanayoingia akilini kwangu, ushuru wa mchanga urudi korongoni, na vikundi vya mtaa vilipwe kutunza vipande kama Durban. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haiwezi kutumika?

#43 Mhasibu_wa_Serikali
#42 hapana, ile ni mikopo, kikundi kinatakiwa kurejesha. Kutunza korongo hakuleti faida ya kurejesha, labda wauze miche. Angalia Mfuko wa Misitu, wao wanatoa ruzuku kwa vikundi, ila ni ya mara moja kwa andiko. TASAF nao ajira za muda wanafanya, za msimu. Zote ni vipande. Ukitaka ya kudumu ni lazima iwe kifungu kwenye bajeti ya jiji, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo mkitaka kusikika mapendekezo yaingie kwenye mikutano ya mitaa mwishoni mwa mwaka huu, madiwani wakishapitisha mmekosa mpaka mwaka unaofuata.

#44 BabaNeema_Nzuguni
Bado nasema maji kwanza. Ila nikubali mama_zabibu #3 akiniandikia kwenye kifungu cha maji nitanyoosha mkono mkutanoni. Kwa kifungu cha bustani sinyooshi.

#45 Bikoni
Na mimi nitanyoosha kwa kifungu cha bikoni tu.

#46 Mdau_wa_Msimbazi
Mnaona sasa, mkono mmoja mmoja kila mtu na kifungu chake. Ndio maana nawaambia hela itakuja siku ya mafuriko.

#47 mama_zabibu
#46 usitutabirie mabaya. MwanaKizota mkutano wa mtaa wenu ni lini? Sisi wa huku wa kwetu mwenyekiti hajaubandika bado. Na Tipa_Nyekundu kama una risiti zako za mwaka mzima njoo nazo, mtu anayelipa ana nguvu ya kuuliza.

#48 Tipa_Nyekundu
Risiti zipo kwenye dashibodi zimefubaa kidogo. Mnaanza na korongo gani lakini? Maana kama ni la Nkuhungu pale kuna wenzangu wanachimba mpaka sasa, inabidi nianze kuongea nao mapema.

#49 mkulima_bahi
Samahani nimechelewa. Na sisi wa Bahi mmetusahau, Bubu wetu hauendi baharini unaishia kwenye mbuga hapa hapa, mpunga wetu unategemea huo. Hiyo hela mkiipata ni ya jiji tu au na wilaya?